Pikapu Kuukuu: Kuitengeneza au Kuibadilisha?

Leo tunaacha kidogo habari za mbegu na mbolea. Tutazungumza juu ya chombo kinachobeba mazao kutoka shambani hadi sokoni, yaani ile pikapu kuukuu ambayo vijana wa siku hizi wanaiita mkweche.

Wapo wakulima wengi wenye gari la namna hiyo. Liliponunuliwa lilikuwa tayari limetembea miaka mingi nchi nyingine, na hapa limeongeza mingine kumi. Sasa linatoa moshi, linakula oili, na kila likitoka gereji linarudi na ugonjwa mpya. Fundi anasema, "Tufungue injini, litakuwa jipya." Dalali anasema, "Uza hilo, ninalo jingine zuri." Mama nyumbani anauliza mahitaji ya shule yatatoka wapi. Nawe mwenye gari umekaa katikati, fedha za mavuno ziko mfukoni, hujui umsikilize nani.

Ukikosea hapa unaweza kupoteza fedha za msimu mzima. Wako waliouza ng'ombe, wengine hata kipande cha shamba, kwa ajili ya gari ambalo miezi sita baadaye lilisimama chini ya mwembe, kuku wakawa wanatagia ndani. Fundi na dalali si watu wabaya, lakini kila mmoja anauza bidhaa yake. Hesabu ya nyumbani kwako ni kazi yako mwenyewe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukua daftari na kalamu, tuanze.

Mazoea ya zamani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ya Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Spea zilikuwa adimu. Gari likifa lilifufuliwa kwa njia yoyote ile, kwa sababu jingine la kulipokea halikupatikana. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa kutoka nje, na magari yakaanza kuingia kwa wingi zaidi. Leo magari yaliyotumika, hasa ya kutoka Japani, yanashushwa kila mara katika bandari ya Dar es Salaam.

Miaka ile swali lilikuwa moja tu: tutalifufuaje? Leo yako maswali matatu. Je, nilitengeneze? Je, nilibadilishe? Au je, niliuze na kukodi gari la mtu ninapokuwa na mzigo? Wengi wetu hatulifikii hili la tatu, na mara nyingine ndilo lenye faida.

Makosa mawili ya hesabu

Kosa la kwanza ni kuhesabu fedha iliyokwisha kutumika. Utasikia mtu anasema, "Mwaka jana nimeweka gia boksi ya shilingi laki nane, siwezi kuliacha gari hili sasa." Ndugu mkulima, zile laki nane zimekwenda. Ukilitengeneza hazirudi, ukiliuza hazirudi. Kabichi zako zikiozeshwa na ugonjwa, huendelei kuzipalilia eti kwa sababu mbolea uliyotia ilikuwa ghali. Unaangalia nguvu na fedha utakayotoa kuanzia leo, na kitakachopatikana. Kwa gari ni hivyo hivyo.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mwingine anasema, "Gari lenyewe sokoni halizidi milioni nne, nitalitengenezaje kwa milioni tatu?" Hapa tena tunapotea. Jembe lako la zamani ukilipeleka gulioni hakuna atakayelinunua, lakini shambani linalima. Bei ya kuuzia gari siyo kipimo peke yake. Kipimo ni hiki: kazi inayofanywa na gari hili, ningeifanya kwa shilingi ngapi kwa njia nyingine?

Kwanza jua ugonjwa

Kabla ya kuhesabu, gari lipimwe. Anza chini, usianze na injini.

Chesisi. Ingia chini ya gari mahali pa usalama, magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, jeki huteleza na watu wamekufa. Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga na chokoa mahali springi zinaposhikia na mahali boksi la usukani lilipofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza kinatoa sauti nzito na bisibisi inazama. Ukikuta kutu ya juu juu, hiyo inasafishwa na kupakwa rangi. Ukikuta chesisi imeliwa sehemu nyingi, au imechomelewa viraka juu ya viraka, hapo simama. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza haina dawa ya kudumu kwa bei ya mkulima. Ndugu zetu wa pwani wawe waangalifu zaidi, maana hewa ya chumvi inakula chuma upesi.

Breki na usukani. Wenzetu wa Lushoto wanaoteremsha mboga na viazi kupitia Soni hadi Mombo wanaijua ile barabara: kona kali na mteremko mrefu, na korongo pembeni. Pale injini ikizimika utachelewa soko. Breki zikikataa hutafika. Washa injini, gari likiwa limesimama, kanyaga breki na uendelee kuikanyaga. Kikanyagio kikizama polepole, mafuta ya breki yanapita au yanavuja. Na hayo mafuta hunywa unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Breki zikipata moto mteremkoni, maji yaliyomo hugeuka mvuke, kikanyagio kinakwenda hadi chini na gari halishiki. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Ni kazi ya bei ndogo ukilinganisha na roho ya mtu. Na mteremkoni tumia gia ndogo, injini ikusaidie kulishika gari.

Injini. Sasa tutazame moshi, maana moshi unasema.

Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili. Ukitoka asubuhi tu unapowasha, kisha ukaisha, mara nyingi ni mipira ya valvu, kazi ambayo si kubwa sana. Ukitoka muda wote, hasa ukipanda mlima na mzigo, basi ringi za pistoni au silinda zimechoka, na hapo ndipo injini inafunguliwa.

Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, pamoja na maji ya rejeta kupungua, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiendelee kuliendesha, utaharibu beringi na kazi ndogo itakuwa kubwa.

Moshi mweusi kwa gari la dizeli maana yake mafuta hayaungui yote. Lakini ngoja kwanza, usikimbilie kubadilisha nozeli na pampu. Angalia chujio la hewa. Barabara zetu zina vumbi, na chujio lililoziba linatosha kuleta moshi huo.

Mwisho, mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake, na akuonyeshe namba. Silinda zote zikikaribiana na namba zikiwa hazijashuka chini ya kiwango cha injini hiyo, injini bado ina maisha. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ugonjwa uko hapo. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na kinaweza kukuokoa usifunguliwe injini bure.

Sasa fundi aandike orodha yenye bei, wewe uigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vya uhai: breki, usukani, tairi, taa. Hivi havina mjadala. Gari likiendelea kutembea lazima vifanywe. Fungu la pili ni vitu vya kazi: injini, klachi, rejeta. Fungu la tatu ni vitu vinavyoweza kungoja: rangi, viti, redio. Wengine wanaanza na rangi, gari linang'aa huku breki mbovu. Huko ni kupaka mafuta kidonda.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za kwenu. Mkulima anayo pikapu ambayo ikiuzwa ilivyo itapata Sh. 4,000,000. Chesisi ni nzima. Tuhesabu miaka miwili.

Njia ya kwanza, kutengeneza:
Injini, breki, klachi na tairi: Sh. 3,000,000
Matunzo na bima, miaka miwili: Sh. 2,400,000
Gari kupungua bei, kutoka milioni 4 hadi milioni 3 na nusu: Sh. 500,000
Jumla: Sh. 5,900,000

Njia ya pili, kubadilisha. Anauza la zamani kwa milioni 4, anakopa milioni 10, ananunua la milioni 14:
Gari kupungua bei, kutoka milioni 14 hadi 11: Sh. 3,000,000
Matunzo na bima, miaka miwili: Sh. 1,400,000
Riba ya mkopo: Sh. 2,000,000
Jumla: Sh. 6,400,000

Umeona? Njia hizi mbili zimepishana laki tano tu kwa miaka miwili. Mtu aliyekuwa anasema "kutengeneza ni kutupa fedha" amekosea, na aliyekuwa anasema "gari jingine ni anasa" naye amekosea. Kwa tofauti ndogo namna hii mambo mengine ndiyo yanayoamua. Mkopo ule utadai kama laki tano kila mwezi, hata miezi ambayo shambani hakuna cha kuvuna. Na kama dhamana ni shamba, unaweka rehani kinachokulisha. Upande wa pili, gari lililotengenezwa likikwama njiani mara mbili, kila mara na mzigo wa kabichi wa laki tatu, ile tofauti imekwisha kuliwa.

Njia ya tatu, kuuza na kukodi. Tuseme kukodi pikapu kutoka kijijini hadi sokoni ni Sh. 50,000 kwa safari, pamoja na mafuta na dereva. Ukitumia gari lako mwenyewe mafuta peke yake ni Sh. 25,000. Je, unakwenda safari ngapi kwa mwaka? Wengi hawajawahi kuhesabu. Tuseme ni 60, nyingi zikiwa wakati wa mavuno, yaani 120 kwa miaka miwili.

Kutengeneza: Sh. 5,900,000 na mafuta Sh. 3,000,000, jumla Sh. 8,900,000.
Kubadilisha: Sh. 6,400,000 na mafuta Sh. 3,000,000, jumla Sh. 9,400,000.
Kukodi: safari 120 kwa Sh. 50,000, jumla Sh. 6,000,000.

Haya, nani angedhani? Kwa mkulima wa safari 60, kukodi kumeshinda kwa karibu milioni tatu, na zile milioni nne za kuuza gari ziko mkononi mwake. Anaweza kununua pampu ya kumwagilia, au ng'ombe wa maziwa.

Lakini tusifanye haraka. Kila safari ya gari lako inakuokolea Sh. 25,000. Gawanya Sh. 5,900,000 kwa 25,000, unapata safari 236 kwa miaka miwili, yaani 118 kwa mwaka. Hizo ni safari mbili na kidogo kila wiki. Chini ya hapo kodi. Ukipita hapo vizuri, weka gari. Mkulima wa safari 150 kwa mwaka atalipa Sh. 15,000,000 akikodi, na Sh. 13,400,000 akitengeneza. Kwa huyo gari ni mtaji, ingawa matunzo nayo yataongezeka kidogo kadiri linavyotembea zaidi.

Na katika safari hizo hesabu pia mizigo ya jirani, ikiwa wanalipa. Wakipanda bure, usiihesabu. Tena kumbuka yale yasiyoandikika vizuri. Usiku mgonjwa anahitaji kufikishwa hospitali. Wakati wa mavuno magari ya kukodi yanagombewa na bei inapanda. Ukichagua kukodi, patana mapema na mwenye gari, ninyi majirani watatu au wanne pamoja, mpange siku na bei kabla ya mavuno. Mwenye gari naye atafurahi kuwa na kazi ya uhakika.

Ukiamua kutengeneza

Weka kikomo kabla ya kwenda gereji, na ukiandike. Kwa mfano: "Zaidi ya milioni tatu na nusu sitoi. Ikipita hapo, gari linauzwa kama lilivyo." Mwambie fundi mapema. Injini ikiisha kufunguliwa, kila siku kinaonekana kitu kingine, na mtu ambaye hakuweka kikomo anakwenda kidogo kidogo hadi shamba linauzwa.

Lipa kwa hatua, usitoe fedha zote mwanzo. Nenda mwenyewe kununua spea au mtume mtu unayemwamini, na udai kuonyeshwa spea za zamani zilizotolewa. Injini ikiwa na mkanda wa taimingi, uliza ulibadilishwa lini. Nyingi hutaka mpya kila kilometa 100,000 hivi, na ukikatika njiani valvu zinaweza kugongana na pistoni, kazi yote ikawa bure. Ukibadilisha injini nzima, namba yake inabadilika, kwa hiyo ulizia TRA habari ya kurekebisha kadi ya gari. Na baada ya matengenezo angalia oili na maji kila asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukiamua kubadilisha

Gari unalolijua lina magonjwa unayoyajua. Gari la mgeni lina magonjwa yaliyofichwa. Usiamini namba za kilometa peke yake, maana zinaweza kurudishwa nyuma. Tazama kikanyagio cha breki kilivyolika, kiti cha dereva na usukani. Lipime kama ulivyolipima lako: chesisi kwanza, breki, kisha moshi, injini ikiwa imepoa unapoiwasha. Linganisha namba ya chesisi na kadi. Hakikisha TRA kwamba jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, kisha uulize polisi wa usalama barabarani kama gari linadaiwa faini. Nunua aina ambayo spea zake zinapatikana mji wa karibu, siyo mpaka ziagizwe.

Ukiagiza kutoka nje, bei unayoiona kwenye picha siyo ya gari likiwa nyumbani kwako. Iko nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, gharama za bandari, za wakala na za usajili, na magari ya umri mkubwa yana ushuru wa ziada wa uchakavu. TRA wanacho kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kwenye mtandao wao. Mwambie kijana mwenye simu akufungulie, uone jumla yote kabla hujatuma hata shilingi moja.

Ndugu wakulima, wakati ni mchache. Kwa kifupi ni hivi. Fedha iliyokwisha kutumika iache. Chesisi ikiwa imeoza, usiitie injini. Breki kwanza, rangi mwisho. Hesabu safari zako, kisha ulinganishe njia zote tatu na siyo mbili. Kikomo kiandikwe fedha ikiwa bado iko mfukoni, maana ikishaingia gereji ni vigumu kuamua kwa moyo mtulivu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kila mwenye gari kijijini ataje safari alizokwenda mwaka uliopita. Je, zinafika 100?
2. Kukodi gari hadi soko letu ni shilingi ngapi wakati wa kawaida, na shilingi ngapi wakati wa mavuno?
3. Wakulima watano wakipanga pamoja, wanaweza kupata gari kwa bei gani, na nani atatunza daftari?